Meneja Aliyeacha Kutembea

Pantaleo alijifunza umeneja kwa kumfuata mtu nyuma. Mtu huyo alikuwa Girish, aliyesimamia kiwanda cha kuchambua pamba nje kidogo ya mji wa Shinyanga kabla hakijataifishwa. Kila asubuhi, kabla hajagusa kiti cha ofisini, Girish alipita mashine moja baada ya nyingine, mikono mgongoni. Alimwamkia kila mfanyakazi kwa jina, akamuuliza swali moja, kisha akanyamaza hadi ajibiwe. Hata kama jibu lilichelewa, alisubiri. Pantaleo, wakati huo karani wa mizani, alidhani mzee anapoteza muda.

Girish alipoondoka nchini na Pantaleo akapewa ofisi ile, alijikuta naye anatembea. Alianzia mlangoni penye marobota ya pamba, akaishia kwenye mashine ya tatu, ile kongwe, iliyokuwa chini ya fundi Onesmo. Wanawake wa kuchagua pamba walimwitikia salamu kwa Kisukuma, "mhola," wakicheka, kisha wakamweleza mambo ambayo kwenye kikao asingeyasikia: nani anaumwa, mkanda upi umelegea, paa linavuja wapi. Kwa miaka mitano hakuna aliyeumia.

Halafu vikao vikaanza kuwa vingi. Wageni wa mkoa walikuja, wageni wa wizara walikuja, na kila mmoja alitaka taarifa yake. Pantaleo akaruka asubuhi moja, akaruka wiki, mwishowe akawa anaingilia mlango wa nyuma ili asisimamishwe njiani. Hakujiona amebadilika. Alijiona ana kazi.

Msimu wa mwaka sabini na saba, Onesmo alimfuata ofisini, mikono imejaa grisi, akasimama mlangoni asichafue sakafu. Alisema beringi ya mashine ya tatu inapata moto kuliko kawaida, na kwamba angependa isimamishwe siku mbili. Pantaleo alikuwa anaandika hotuba ya kupokea wageni wa kesho yake. Hakuinua kichwa.

"Niandikie, Onesmo. Kila kitu siku hizi ni kwa maandishi."

"Sawa, mzee," Onesmo alisema, akaondoka.

Onesmo aliacha shule darasa la pili. Pantaleo alilijua hilo. Aliwahi kumjazia fomu mwenyewe.

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, wageni wakiwa bado wanakunywa chai, beringi ilikwama, cheche zikaruka kwenye pamba. Wafanyakazi walitoka mbio. Onesmo alirudi ndani kuzima mtambo, na hakutoka tena.

Tume iliyoundwa ilikaa siku tatu ikaandika kuwa ilikuwa ajali. Hakuna aliyemuuliza Pantaleo kuhusu mazungumzo ya mlangoni, naye hakuyasema.

Kiwanda kilipotengenezwa, alianza tena kutembea kila asubuhi, majina yote akiyakumbuka. Aliuliza, akasubiri kama Girish alivyosubiri. Wafanyakazi walisimama wima wakamwamkia shikamoo, wakasema hakuna tatizo lolote, mzee. Alipopita mkanda uliokuwa umechanika waziwazi, aliambiwa pia kwamba hakuna tatizo.

Aliyemjibu ukweli alikuwa Scolastika, mjane wa Onesmo, aliyekuwa bado anachagua pamba pale pale. Pantaleo alimkuta peke yake karibu na marobota, akamuuliza kwa nini watu hawamwambii kitu.

Scolastika hakuacha kuchagua.

"Zamani ulituuliza ili ujue," alisema. "Sasa unatuuliza ili upate usingizi."

Pantaleo alifungua mdomo amweleze habari ya siku ile, kwamba mume wake alikuja, kwamba alisema. Scolastika akamtangulia.

"Nilijua kwamba alikuja kwako, baba," Scolastika alisema. "Aliniambia jioni ile. Aliniomba nimtafutie mtu wa kumwandikia."

Pantaleo aliomba kuacha kazi mwaka themanini na moja, akarudi kijijini kwao upande wa Mwakitolyo kulima mahindi na kufuga. Wanakijiji walifurahi kumpata mtu aliyewahi kuongoza kiwanda, wakaja mara mbili kumwomba agombee uenyekiti. Mara zote mbili aliwaona wakikaribia, akaingia ndani. Mke wake, Esta, aliwakaribisha viti, akawaambia mzee anaumwa miguu, siku hizi hawezi kutembea.