Sweta la Bibi Wakati wa Mgao

Juni iliyopita nilikwenda nyumbani Mollo, na jioni ya kwanza tu umeme ukakatika. Wanangu wakapiga kelele kama walioibiwa. Mimi, rafiki yangu, nilicheka, maana mkono wangu ulikuwa umeshatangulia kifuani kabla sijajua unatafuta nini.

Ngoja nikueleze. Mwaka mmoja wa mgao wa umeme, nikiwa binti mdogo, kicheche alimla kuku wangu, akaniachia vifaranga kumi na mmoja wa siku tatu. Na baridi ya Ufipa wakati wa kuvuna mahindi unaijua: ukinawa asubuhi, vidole vinagoma kukunjika. Nilimlilia baba mpaka akaitoa balbu ya sebuleni, akaining'iniza ndani ya boksi la sabuni, sisi tukala ugali kwa kibatari. Ila aliweka sharti: "Wakifa hawa, taa inarudi juu, na kuku utafuga ukiwa kwako."

Kumbe umeme nao ulikuwa na saa zake. Ratiba ilibandikwa mlangoni pa ofisi ya kata, nikainakili kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Zamu yetu ya kukatiwa ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana, wakati wa baridi yenyewe.

Siku ya kwanza boksi lilipopoa, nilikimbilia jikoni nikilia. Bibi alikuwa anakoroga uji wa ulezi. Alifungua vifungo vya sweta lake la kijani, akatia vifaranga wanne, akafunga, akaendelea kukoroga.

"Joto la mtu halina ratiba," akasema.

Ikawa ndiyo desturi yetu ya likizo ile: bibi wanne, mimi wanne, mama watatu. Tulipukuchua mahindi vifua vikilia, na kuinama kukawa marufuku. Mama alipokwenda gulioni, watatu wake sikuwaona. Nikamkuta baba njiani, koti limefungwa hadi shingoni, mkono kifuani. Jirani yetu Msukuma, aliyekuwa anapitisha ng'ombe, akamuuliza kama anaumwa.

"Kidogo tu," akajibu baba, na koti likalia.

Jumamosi asubuhi jumuiya ya kanisa ilisali kwetu. Tulipofika kwenye kimya cha kuombea marehemu, sweta la bibi likaanza. Mwenyekiti akafumbua jicho moja.

"Bibi, na hao ni wanajumuiya?"

"Wamekatiwa umeme, mwenyekiti. Sisi tuendelee na sala."

Sala yenyewe ilimalizika kwa shida, watu wakifuta machozi ya kicheko.

Vifaranga wote kumi na mmoja walikua. Baba aliiacha balbu boksini mwezi mzima zaidi, eti macho yake yameshazoea kibatari.

Siku hizi mama ana sola ndogo ya kuchajia simu, na kuku hununua wakubwa. Boksi halipo, ukuta wa jikoni umepigwa plasta, bibi tumeshamzika. Namkumbuka mno. Jioni ile ya giza mama alinitolea sweta la kijani sandukuni. Nikalivaa, nikafunga vifungo vyote, nikavuta kigoda karibu na moto.

Mama akanitazama ninavyokaa, akacheka. "Kaa tu, mwanangu. Humo hamna kitu."

Nilijua. Hata hivyo nilikaa taratibu.