Mtoto wa Katikati

Abigael alikuwa na kinyaa na piki-piki tangu siku ya kwanza shemeji yake alipoileta nyumbani. Haikuwa hofu. Kilikuwa kinyaa hasa, kile anachokipata mtu anapomkuta nzi ndani ya kikombe chake cha maziwa. Alikuwa amesoma hadi darasa la nane katika shule ya bweni ya wamisheni, akafundisha ushonaji na upishi miaka sita kabla ya kuolewa na mwalimu Makori, na macho yake yalikuwa yamezoea vitu vilivyo safi na vilivyopangwa.

Piki-piki yenyewe ilikuwa Honda nyekundu. Shemeji yake, Nehemiah, ndugu mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa karani katika kituo cha kununulia majani chai karibu na Kebirigo, na aliinunua kwa mishenari aliyekuwa akirudi kwao. Kilichomchukiza Abigael si chuma. Ni watoto. Kila asubuhi Nehemiah aliwapakia wanawe wanne: mmoja mbele juu ya tangi, miguu imepanuka kama ya chura, wawili nyuma, na wa mwisho amebanwa baina ya hao wawili hata huoni ila kofia. Wakiteremka mlima, kamasi za yule wa mbele zilipeperushwa na upepo zikamrudia baba yake kifuani. Walioketi nyuma hawakungoja upepo. Walijifutia koti lake mgongoni. Siku moja mmoja alitapika ndizi mbivu shingoni mwa baba yake. Nehemiah akasimama, akachuma jani la mgomba, akajipangusa, akapanda tena huku akicheka.

"Shemeji," Abigael alimwambia jioni ile, "hawa ni watoto au mkungu wa ndizi?"

"Ni mkungu, shemeji," Nehemiah akajibu. "Lakini mkungu huu haujachelewa shuleni hata siku moja."

Abigael hakucheka. Alilipeleka jambo hilo kwenye chama cha akina mama wa Dorkasi, akasimama na daftari lake, akasema ni aibu watoto wa Wakristo kurundikwa juu ya chuma kama mizigo ya gulio. Sabato iliyofuata mzee wa kanisa, Onyancha, akasoma tangazo kwamba mshiriki mwenye piki-piki asibebe zaidi ya mtu mmoja. Watu waligeuka kumtazama Nehemiah. Orpah, mke wa mwenye duka, ambaye ulimi wake ulikuwa wembe, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Wenye piki-piki wamesikia. Sisi wenye miguu tunashukuru."

Mambo hayo yalikuwa na chanzo. Mwalimu Makori alipofariki mwaka 1966, wazee wa ukoo walikuja kumwambia Abigael kwamba mjane hukaa chini ya mwanamume wa nyumba ile ile, ndiyo desturi. Alikataa kurithiwa. Wakasema amejifanya mzungu, wakasema tutaona. Tangu siku ile aliishi kwa namna ambayo hakuna mtu angepata pa kumshikia. Kola za wanawe zilipigwa pasi ya makaa hata siku za kwenda kuchuma chai. Hawakula kwa watu. Hawakuombaomba chumvi. Na walifundishwa mapema kuliko kusoma kwamba mtoto wa mwalimu Makori halii barabarani, hata ajikwae namna gani.

Novemba ya 1971 binti yake mkubwa, Nyamusi, alikuwa afanye mtihani wa darasa la saba. Shule ya mtihani ilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja kwa miguu. Usiku wa kuamkia Jumatatu mvua ilinyesha bila kukoma, na kulipopambazuka daraja la magogo lilikuwa limekwenda na maji. Kuzunguka kwa barabara kuu ni maili kumi na moja, na mtihani ulikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi. Hakukuwa na njia ila Honda.

Nehemiah mwenyewe ndiye aliyesita. Nyamusi alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye alimwita Nehemiah tata, yaani baba, kama alivyomwita marehemu. Kwa Wagusii, baina ya msichana aliyekwisha kukua na watu wa rika la baba yake pana chinsoni, haya yenye mipaka kama shamba: hawagusani, hawaketi kitanda kimoja, hawataniani.

"Siwezi kumbeba, shemeji," Nehemiah alisema, akitazama pembeni. "Barabara ile ina mashimo. Atanishika wapi?"

Abigael alifikiri kidogo tu. Alikuwa na binti mwingine, Bochaberi, wa miaka mitano, na mtoto wa miaka mitano hana chinsoni na mtu. Anaweza kumkumbatia tata wake hata sokoni.

"Mweke huyu katikati," akasema.

Nehemiah akamtazama. "Tutakuwa watatu, shemeji. Na lile tangazo?"

"Saa kumi na moja alfajiri hakuna mtu wa kusoma tangazo."

Aliwapanga yeye mwenyewe kwa mikono yake. Nyamusi alikaa upande, miguu yote kushoto kama inavyompasa msichana, akishika chuma cha kubebea mizigo nyuma yake. Bochaberi aliketi katikati, ametanua miguu, mikono ndani ya mifuko ya koti la Nehemiah. Miguu yake haikufika pa kukanyagia; ilining'inia tu, na upande wa kulia ndiko linakopita bomba la moshi. Abigael hakuliona bomba. Aliona tu kwamba baina ya mgongo wa Nehemiah na kifua cha Nyamusi pamejaa, na hapana mtu atakayesema neno. Akamwinamia mdogo, akamnyooshea gauni, akamkumbusha, "Hakuna kulia njiani."

Saa tatu Nehemiah alirudi, Bochaberi akiwa amepakatwa mbele juu ya tangi. Mtoto alikuwa kimya, midomo imekauka. Nehemiah alimgeuza mguu wa kulia. Nyuma ya mguu, chini ya goti, pale palipo na nyama, ngozi ilikuwa imetoka, upana wa kiganja cha mtoto mwenyewe, na kilichobaki kilikuwa chekundu na kinang'aa. Ngozi yenyewe ilikuwa bado juu ya bomba, imejikunja, rangi ya kahawia, kama maziwa yaliyoungulia chini ya sufuria. Abigael alipoinama kutazama, harufu ikamfika. Lililomtia kichefuchefu zaidi ni kwamba haikuwa harufu mbaya. Ilikuwa harufu ya mbuzi wa arusi akichomwa.

Alikwenda nyuma ya jiko akatapika.

"Sikujua," Nehemiah alisema Abigael aliporudi. "Wallahi, shemeji... Mungu anisamehe, sikujua. Maili zote zile mtoto hakutoa sauti. Nyamusi ndiye aliyeona tulipofika, alipomshusha. Nikamuuliza, mbona hukuniambia? Akasema, mama amekataza kulia."

"Ungesimama ukamtazama."

"Ningesimama. Ni kweli. Sasa nipe shuka nimfunge, twende hospitali."

"Haendi."

"Shemeji!"

"Hospitali wanaandika kitabuni. Na yule dresa anayefunga vidonda, Obwocha, ni mtoto wa hapa hapa Kebirigo. Kesho Orpah atajua kwamba mimi, mimi niliyesimama kanisani na daftari, niliwapanga wanangu kwenye piki-piki kama ndizi. Mimi nimesomea huduma ya kwanza. Nitamuuguza."

"Mficha maradhi..."

"Usinisomee methali, Nehemiah. Nilizifundisha."

Akamkataza asilitoe neno lile nje ya ua, naye Nehemiah, aliyekuwa amelelewa kumheshimu mke wa kaka yake, akainamisha kichwa akaenda kazini.

Abigael alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akapaka samli, akafunga kitambaa safi. Jumatano kitambaa kilitoka kimelowa. Alhamisi kilitoka na rangi. Ijumaa hakikutoka, kilikuwa kimeshikamana na nyama, na alipokivuta Bochaberi alilamba midomo na kutazama dari, jasho likimtiririka, asiseme kitu.

"Mama, inanuka," Nyamusi alisema.

"Ni samli hiyo."

"Samli hainuki hivyo."

"Nimesema ni samli."

Angeweza kumwacha nyumbani siku ya Sabato. Lakini mtoto asipoonekana kanisani huulizwa, na akiulizwa hutembelewa. Basi Abigael alifunga kitambaa kingine juu ya kile cha kwanza, akamvika soksi nyeupe ndefu hadi gotini, akambeba mgongoni karibu njia nzima, akamshusha hatua ishirini kabla ya lango ili aingie kwa miguu yake.

Waliketi benchi la tatu. Kabla ya wimbo wa pili kwisha, nzi mmoja alitua kwenye soksi. Abigael akampunga kwa kitabu cha nyimbo. Wakaja wawili, wakaja watano, wa kijani, wale wanene. Nyuma yake alisikia Orpah akivuta pumzi puani mara mbili, kama mtu anayeonja supu.

"Pana panya amekufa chini ya sakafu," jirani ya Orpah alinong'ona.

"Panya gani anavaa soksi?" Orpah akajibu.

Bochaberi alikuwa amelala, kichwa kwenye paja la mama yake, na paja lilihisi moto kupitia gauni. Abigael akatazama chini. Soksi aliyoichemsha na kuianika kwa mikono yake ilikuwa imeingia ramani ya manjano yenye kingo za kijani, na ramani ilikuwa ikikua. Akaona nzi mmoja akiingia mdomoni mwa soksi, taratibu, kama mwenye nyumba. Miaka yote alikuwa amebinua mdomo kwa kamasi za watoto wa Nehemiah. Kamasi! Angetoa nini sasa apewe kamasi tu. Alijichukia jinsi mtu anavyochukia kitu alichokikanyaga bila viatu.

Aliinuka katikati ya mahubiri, akambeba mtoto, akatoka. Mhubiri akanyamaza. Nehemiah naye akatoka mbio.

"Hospitali," Abigael alisema.

Basi halikupita barabara ile siku ya Sabato, na maili kumi mgongoni mtoto asingefika vizuri. Honda ilikuwa pale pale, imeegemea ukuta. Nehemiah akaikokota, kisha akasimama, maana hesabu ilikuwa wazi kwa wote wawili. Mtoto mwenye homa lazima ashikiliwe na mtu mzima, na mtu huyo lazima amshike mwendeshaji. Kwa desturi hapakuwa na kizuizi. Shemeji na shemeji ni rika moja, hawana chinsoni. Lakini mjane aliyekataa kurithiwa, amkumbatie ndugu wa mumewe mchana, mbele ya kanisa?

"Naweza kuita mama wa watoto wangu amshikilie," Nehemiah alisema polepole.

"Amejifungua juzi. Washa."

Abigael alipandisha gauni lake la Sabato juu ya magoti, akatanua miguu kama wanaume, akamweka Bochaberi mapajani, mguu mbaya umeinuliwa juu ya mkono wake, na mkono wa pili akauzungusha kiunoni mwa Nehemiah, akashika kwa nguvu. Mlio wa injini uliwatoa watu nje. Walijaa mlangoni, wengine wakatokea madirishani.

"Dada Abigael!" Orpah aliita. "Lile tangazo lilisema wangapi?"

"Mwache," mwanamke mwingine akadakia, "leo anarithiwa kwa petroli!"

Kicheko kikapasuka, na wazee hawakukikemea. Abigael aligeuza kichwa.

"Tuko watatu, Orpah," akasema. "Hesabu vizuri usije ukakosea unaposimulia."

Wakaondoka. Njia nzima uso wake ulikuwa umebanwa kwenye koti lile, lenye harufu ya majani chai yaliyochachuka, petroli na midomo ya watoto wanne. Hakuwa na mahali pengine pa kuuweka.

Hospitalini, Obwocha aliikata soksi kwa mkasi, akalowesha vitambaa kwa maji vuguvugu nusu saa nzima kabla ya kuvibandua. Cha mwisho kilipotoka, yeye mwenyewe aligeuza uso akapumua kando. Bochaberi alipiga yowe lililofika barabarani, na Abigael akamshika mabega asimwambie anyamaze.

"Mngekaa siku mbili zaidi," Obwocha alisema, "tungekuwa tunaongea habari ya kukata mguu. Sasa utabaki, ila kovu litakuwa kubwa. Aliungua lini?"

"Jumanne."

"Jumanne!" Akachukua kalamu. "Piki-piki ya nani?"

"Yangu," Nehemiah akasema. "Mimi ndiye..."

"Piki-piki ni yake," Abigael akamkata. "Lakini aliyemketisha mtoto pale ni mimi, aliyemkataza kulia ni mimi, na aliyemficha nyumbani siku nne ni mimi. Andika hivyo."

Obwocha akatazama kitabu, akakuna sikio kwa kalamu. "Kitabu hakina nafasi ya hayo yote, mama."

"Basi utayabeba mdomoni. Najua utayabeba. Yabebe yakiwa kamili."

Kijana akatazama chini, akaanza kufunga bandeji. Alisema kidonda kisifunguliwe nyumbani hata kidogo. Mtoto aletwe hospitali kila baada ya siku mbili, mwezi mzima, na safari ya kwanza iwe Jumatatu.

Walipotoka nje, Nehemiah alifuta kiti kwa mkono wa koti.

"Jumatatu ni siku ya soko, shemeji," alisema. "Naweza kuja mapema, kabla watu hawajajaa. Saa kumi na moja."

Abigael alikuwa akimkagua Bochaberi mguu, akipima kwa macho umbali kati yake na bomba.

"Njoo saa tatu," akasema. "Nataka kuliona bomba hili vizuri, na saa kumi na moja ni giza."