Leseni ya Wifi Yangu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu wa pekee, ni dobi. Watu wa mtaani wanamwita Mama Povu, naye huitika bila kinyongo, anasema afadhali kuitwa povu kuliko kuitwa doa. Kazi aliianzia kwenye nyua za watu. Anaingia kwa mtu asubuhi, anainama kwenye beseni mpaka jua linamkalia utosini, kisha anabeba mgongo wake kwenda nyumba ya pili. Mikono yake ukiishika imekauka kama maganda ya vitunguu, lakini shati likipita mikononi mwake linamrudia mwenyewe kama limetoka dukani jana.

Niseme mapema kwamba mimi siwezi kumsimulia bila upendeleo. Mawifi tunajulikana: kazi tuliyopewa na dunia ni kumchunguza mke wa kaka, sufuria kwa sufuria, na kupeleka ripoti kwa mama. Ila mama yetu alipopooza, mimi nikiwa bado naishi mbali kwa mume, ni huyu mtoto wa watu aliyembadilisha mashuka asubuhi na jioni mpaka mama alipofumba macho. Chumba kile hakikunuka hata siku moja. Wageni walikuwa wakiingia na kukaa kitandani kwa mgonjwa bila kusita. Mtu aliyekutendea hivyo mama yako utamtolea ripoti gani? Tangu hapo mdomo wangu ukifunguka juu yake ni kwa kumshukuru, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Sasa, mgongo ukaanza kumgomea. Daktari akamwambia wazi kwamba akiendelea kuinama kwenye mabeseni ya watu, mwaka hauishi kabla hajawa wa kuinuliwa kitandani. Kwa bahati kikapatikana chumba cha kupanga kando ya barabara, kidogo, lakini kwa nyuma kina uwa na karo la saruji lililojengwa kwa kimo cha kiuno. Wifi alisimama mbele ya karo lile akiwa wima, akafungua bomba, akafunga, akafungua tena. Nilimwona akilipapasa lile karo kama mtu anayempapasa ng'ombe wake sokoni.

Mwenye chumba tulimwita Mzee Kufuli. Mpangaji wake wa zamani alifanya biashara bila leseni, wakubwa wakaja wakapiga kufuli mlango na bidhaa zikiwa ndani, na mzee wa watu akakaa miezi hawezi kuingia kwenye chumba chake mwenyewe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Mwanangu," alimwambia wifi, "mimi sina neno na wewe. Lakini mwisho wa mwezi nataka nione leseni imetundikwa ukutani. Nisipoiona, kuna kijana wa simu anakitaka chumba hichohicho, na karo anasema atalivunja aweke kabati."

Basi mambo yakawa hayo: leseni kabla ya mwisho wa mwezi, au kurudi kuinama. Na akiba ya leseni wifi alikuwa nayo, ameikusanya shati kwa shati. Isingekuwa kaka yangu, hadithi ingeishia hapa na mimi ningekuwa nimeshalala.

Kaka yangu ni mchoraji wa mabango. Nusu ya maduka ya barabara ile ameyaandika yeye. Wachoraji hutoza kwa herufi, ndiyo maana mabango yana maneno machache: mteja akitaka kuongeza neno, anahesabu kwanza mfuko wake. Kwa mkewe kaka aliandika bure, na balaa likaanzia hapo, kwa sababu hapakuwa na cha kumzuia. Alianza kazi ya ukuta wa mbele akiimba. Tulipoitwa kuja kuona, ukuta ulikuwa umejaa kutoka paa hadi msingi: kufua, kupiga pasi, kutoa madoa sugu, kutia nguo rangi, kushona na kurekebisha, mazulia, mapazia, kukodisha mashela ya maharusi. Na bibi harusi mwenyewe kachorwa hapo, mrefu kuliko mlango, shela limemwagika mpaka kwa jirani.

"Mashela tunayo?" nikamuuliza.

"Yatakuja."

"Na cherehani?"

"Nayo itakuja."

"Kaka, mkeo hata kifungo hushonewa na jirani."

"Atajifunza," akasema, bado anautazama ukuta wake.

Wifi alikuwa amesimama pembeni, kiganja kimefunika mdomo. Aliusoma ukuta wote taratibu, mstari hadi mstari. "Pazuri," akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. Na palikuwa pazuri kweli.

Afisa wa leseni alikuja kukagua mapema wiki iliyofuata. Alikuwa mama wa makamo, viatu vya chini, mkoba begani, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Tulikuwa tumefagia ndani mpaka sakafu inang'aa. Yeye hakuingia. Alivaa miwani, akasimama barabarani, akaanza kusoma ukuta huku anaandika.

"Karibu ndani, mama," kaka akamwambia.

"Nitaingia. Nimalize kwanza kusoma nje."

Alitoa futi kamba mkobani, akaomba kaka amshikie upande wa pili, na kaka akashika kwa furaha, akidhani mtu anakadiria uzuri wa kazi yake. Ukuta ulipimwa upana na urefu, pamoja na bibi harusi. Kisha yule mama akatueleza kwa sauti ya kawaida kabisa. Kufua na kupiga pasi ni leseni moja. Kushona ni leseni nyingine. Kukodisha nguo ni nyingine. Kutia rangi kunataka kibali cha maji machafu. Bango nalo hutozwa kwa ukubwa wake, na hili halikuwa bango tena, ni ukuta mzima.

"Lakini hayo mengine hafanyi bado," nikamwambia.

"Dada yangu, mimi natoza kilichoandikwa. Nikiyaacha, kesho mkianza kukodisha mashela mtaniambia mbona ulisoma ukanyamaza."

Alituachia makadirio akaondoka. Wifi alikuwa na fedha ya leseni moja, na karatasi ile ilitaka za leseni kadhaa pamoja na ada ya ukuta, ambayo peke yake ingeimeza akiba yote.

Jioni ile nilimsema kaka yangu mpaka koo likakauka. Nilimwambia ameandika kuanzia soksi mpaka harusi, kilichobaki ni mazishi tu. Alikaa kwenye kiti cha mama, akichokoa rangi kwenye kucha, akasema, "Nilitaka watu wajue nina mke wa namna gani."

"Mwache, wifi," akasema mkewe kutoka jikoni. "Mimi hakuna aliyewahi kuniandikia ukuta."

Nikaleta wazo jingine. Namjua mtu anayejua mtu, wa kupitisha karatasi kwa mlango wa nyuma. Wifi alifuta mikono yake kwenye kanga, akafikiri kidogo. "Halafu kila akipita mtu na faili, mimi nijifiche nyuma ya mashuka? Sitaki, wifi. Kesho nisindikize nikamuulize yule mama."

Nilikwenda nimejifunga kibwebwe. Ofisi ile ina ukumbi mrefu wenye mabenchi, na madirisha yenye vioo vilivyotobolewa matundu ya kuongelea, kiasi kwamba lazima uiname ndipo usikike, na mimi kuinama mbele ya serikali sipendi. Lakini yule mama alituona, akatuita ndani, akatuvutia viti.

"Kwa nini hukuja kuuliza kabla hamjapaka rangi?" akamuuliza wifi.

"Sikujua kama kuuliza ni bure."

"Ni bure. Watu hawaulizi, wanakuja na hasira." Akanitazama mimi, nami nikatazama dari.

Akatufundisha, naapa, kama mtu anayemfundisha mdogo wake. Makadirio yalikuwa hayajapitishwa, kwa hiyo wifi angeweza kuomba akaguliwe upya bila kulipa. Afute asichokifanya. Alipie leseni ya kazi moja, na hiyo aigawe mara mbili, nusu sasa na nusu katikati ya mwaka, jambo ambalo liko kwenye sheria lakini hakuna anayeliomba kwa sababu hakuna anayelijua. Na mtungi wa kuzimia moto unaotakiwa kwenye ukaguzi, ambao wifi alishauwekea fedha, haukuwa juu yake: jengo lina vyumba vingi, ni wajibu wa mwenye jengo. "Kazi ikikua utarudi kuongeza," akamwambia. "Haba na haba." Nikaitikia, "Hujaza kibaba," kama tuko darasani. Nilirudi nyumbani kibwebwe kimelegea. Sijui yule mama analala wapi wala anakula nini, lakini katika dua zangu yumo.

Mzee Kufuli aliposikia habari za mtungi alikohoa kikohozi kirefu, kile cha mtu anayetafuta mfuko usiokuwepo. Akaununua lakini. Akautundika kwa mikono yake, akamwonyesha wifi namna ya kuvuta pini, mara akamwonyesha tena, na nikaona kwamba na yeye hakuwa anamtaka sana yule kijana wa simu.

Ikabaki ukuta. Wifi alimwomba mumewe mara moja afute, na yeye si mtu wa kuomba mara mbili. Kaka akasema sawa. Siku ikapita, na nyingine. Akipita pale anageuza uso, akirudi anasema brashi zimekauka, mara kichwa kinamuuma. Niliona mwezi unakwisha na bibi harusi bado anatucheka. Hasira zangu mnazijua. Lakini wifi alinikataza nisimguse. "Ile si rangi tu, wifi," akaniambia. "Asubuhi ya ukaguzi tutafuta wenyewe, mimi na wewe, yeye akiwa kazini. Asione."

Siku ilipofika kaka alikuwa ameshatoka, basi tukaondoka na ndoo ya chokaa, kabla maduka hayajafunguliwa. Tulipofika tukakuta ukuta mweupe kutoka paa hadi msingi, bado unatoa harufu ya ubichi, na kaka yangu amekaa juu ya kopo lililopinduliwa, chokaa mpaka kwenye nyusi.

"Nilianza na yale ya kushona," akasema. "Halafu na shela. Yaliyobaki yakawa kama meno ya mzee, moja huku, moja kule. Nikaona nifute yote."

"Hata kufua?" wifi akauliza.

"Hata kufua."

Wifi akaweka ndoo chini, akaenda kulowesha ncha ya kanga bombani, akarudi akaanza kumfuta zile nyusi hapohapo barabarani. Mimi nikaenda kukagua karo ambalo nilikuwa nimeshalikagua.

Afisa alipokuja alisimama mahali palepale pa mwanzo, akavaa miwani. Hakukuwa na cha kusoma.

"Bango liko wapi?"

"Hatuna," akasema kaka.

"Wateja watajuaje?"

"Kizuri chajiuza," nikamjibu, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka. Akaingia ndani. Alikagua bomba, mfereji wa maji, waya za pasi, mtungi wa mzee. Akasema bila bango hakuna ada ya bango, na wakitaka kibao kidogo mlangoni hicho hakitozwi. Akasaini akiwa ameegemea karo.

Siku ya kuchukua leseni tulikwenda wote watatu, mwezi ukiwa ukingoni. Tukakaa kwenye benchi, wifi katikati. Karani wa dirishani alikuwa anaita watu kwa majina yao kamili. Wakaitwa wa kwanza, wakaitwa wengine. Kisha akaita jina la mwanamke, jina lake na la baba yake na la babu yake. Hakuna aliyesimama. Karani akaita tena, amekereka. Niligeuka kumtafuta huyo mwanamke anayechezea bahati yake, na kaka yangu naye aligeuka. Hapo nikaona mkono wa wifi umeshika ukingo wa benchi.

"Ni mimi," akasema, polepole, kama anayeuliza.

Huyu alikuja kwetu akawa mke wa kaka. Akazaa, akawa mama wa mtoto. Akafua, akawa Mama Povu. Mtu wa mwisho kulitamka jina lile lote kwa sauti mbele za watu ni yule aliyewafungisha ndoa, na mwenyewe alikuwa amelisahau sauti yake. Alisimama akaenda dirishani. Karani akapitisha karatasi chini ya kioo, akamwambia akague kama jina liko sawa. Wifi alilisoma kwa kidole, neno kwa neno, foleni ikimsubiri, na hakuna aliyemharakisha.

"Liko sawa," akasema.

Aliporudi, kaka alinyoosha mkono. Kwetu karatasi zote muhimu hushikwa na yeye, hati za nyumba, vyeti vya shule, kadi za kliniki, ana mfuko wake wa plastiki mahususi. Wifi aliutazama ule mkono.

"Hii nitaibeba mwenyewe, baba watoto," akamwambia.

Kaka akaurudisha mkono wake. Akamfungulia mlango, na tukatembea nyuma yake njia nzima mpaka dukani kwake, yeye mbele, mgongo wima, leseni ameishika kwa mikono miwili.