Jiko Nililosahau Kulitoa

Jumatatu ile nilikuwa darasani, Rugerero, nikicheza na wanafunzi wangu mchezo wa hesabu za kichwa. Natamka tarakimu tano, wao wanazirudisha kinyumenyume. Wakishindwa, nazirudisha mimi, na sikuwahi kukosea. Niliwaambia kwamba kichwani mwa kila mtu kuna sinia dogo: unaweka juu yake vitu vichache vya kutumia sasa hivi, unavishika mpaka kazi iishe, kisha unavishusha.

Jioni nilimkuta shangazi nyumbani kwangu, karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha kwenda Goma. Aliishi Goma na kila wiki alivuka kuja kununua vitunguu vya kuuza. Alipotaka kurudi, mpaka ulikuwa umefungwa. Goma ilikuwa imeanza kupigwa makombora.

Tulidhani ni siku moja. Zikawa tano.

Makombora mengine yaliangukia upande wetu. Tuliziba madirisha kwa magodoro, tukahamia kwenye korido, sehemu pekee isiyo na kioo. Hatukulala. Kila tulipofumba macho, mabati yalitetemeka. Mchana majirani walipanda ukutani na simu zao kurekodi moshi, na kila mlipuko waliupigia mbinja kama wako uwanjani. Redioni, mtu mwenye sauti iliyoshiba alitangaza kwamba hali ni tulivu. Niliizima.

Siku ya tatu nilitia chumvi mara mbili kwenye mboga ileile. Siku ya nne nilimwuliza shangazi kama Furaha alikuwa amepiga simu. Furaha ni binti yake wa pekee; mimi huniita yaya, kama ndugu yake mkubwa. Alikuwa amebaki Goma na hatukumpata. Alinijibu hapana. Nikauliza tena, kisha tena.

"We mwalimu," alicheka, "hii ni mara ya tatu. Akili yako imevuka barrière, imekuacha huku."

"Itarudi mpaka ukifunguliwa, shangazi."

"Bon. Kama imefika Goma, inisalimie mutoto."

Siku ya tano vipande vya chuma viliangukia uani, tukaingiza jiko la mkaa ndani ili maharage yaive. Mlango wa mbele tuliuacha wazi. Mkaa katika nyumba iliyozibwa unaua. Hilo nilikuwa nikiwafundisha watoto kila msimu wa mvua.

Saa nane mchana kombora lilipiga karibu.

"Funga! Funga mulango!" alipaza sauti shangazi kutoka koridoni, alikokuwa amejilaza.

Nilifunga. Nikamwambia, "Natoa jiko sasa hivi." Niliinama kulishika.

Simu ikalia.

Alikuwa Furaha. Sauti ilikatikakatika, nikatoka kwa mlango wa nyuma kutafuta mtandao, nikauvuta mlango nyuma yangu.

"Yaya, mama iko?"

"Yupo. Amejilaza."

"Muache apumuzike. Umuambie mi niko muzima."

Ikakatika. Nikaketi kwenye ngazi. Jua lilikuwa zuri. Furaha yu hai, nikawaza, na hilo lilijaza kichwa chote.

Nililala palepale.

Nilipoamka, kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika ukuta wa jirani. Harufu ya maharage yaliyoungua ilipita chini ya mlango.

Shangazi alikuwa amelala ubavu. Midomo yake ilikuwa na wekundu wa mtu mwenye afya.

Hakuamka.

Majirani walisema ni moyo, umepasuliwa na mshindo wa bomu. Sikuwasahihisha. Mazishini walimtaja miongoni mwa waliouawa na makombora, kwa uchungu uliochanganyika na hamu ya kusimulia. Nilipokea pole zao. Nilikunywa soda yao. Kinyaa cha soda ile hakijanitoka kooni.

Mapigano yalihamia mbali, mimi bado sikuweza kulala. Kwa miezi mingi nilisoma mstari mmoja mara nne mbele ya darasa. Mtoto aliponipa tarakimu tatu, mbili zilinipotea. Nilijiona takataka. Muuguzi mmoja alilipa jambo hilo jina, sonona, akanieleza kwa upole, nami nakueleza vilevile. Asiyelala hajawa mjinga. Sinia lake linatikisika, na kitu kipya kikitua juu yake, kilichokuwapo kinaanguka bila hata mlio. Sonona nayo inakalisha pale wazo lilelile zito, halishuki, na nafasi inayobaki ni finyu. Ndiyo maana unaingia chumbani hujui ulifuata nini. Usijiite mvivu. Andika mambo kwenye karatasi, fanya moja mpaka liishe, tafuta mtu wa kumwambia. Usingizi hurudi. Wangu ulirudi polepole sana, na siku nilipoweza tena tarakimu nne, wanafunzi walinipigia makofi.

Lakini akili ilipotulia, uongo wangu nao ulionekana vizuri zaidi.

Furaha alikuwa amerithi biashara ya vitunguu ya mama yake. Alivuka kila wiki, alipita kwangu, na hakuacha kunishukuru. "Ulikaa na ye mupaka mwisho, yaya." Miaka mitatu nilimeza shukrani hizo kama mate ya mtu mwingine.

Mwaka huu nilimwambia. Nilimweleza mlango, jiko, maharage, ngazi. Simu yake sikuitaja. Nilikuwa nimeapa kutoitaja, asije akajilaumu.

Alikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Ilikuwa saa ngapi?"

Ningeweza kusema asubuhi.

"Saa nane."

"Ni ile saa nilikupigia simu."

Nikaanza kumweleza. Simu haiui mtu, nilisema. Mtu aliyelala vya kutosha angeongea nawe, angerudi ndani, angetoa jiko. Nilieleza vizuri, hatua kwa hatua. Kila neno lilikuwa kweli, na nilichukia jinsi sauti yangu ilivyokuwa laini.

"Yaya. Acha kufundisha."

Nikaacha.

Aliinua mzigo wake. Nilitaka kumtwika, akanizuia kwa kiganja, akajitwika mwenyewe.

Wiki mbili hakupita. Ya tatu alisimama langoni. "Nimekuja kukusalimia tu. Ndani siwezi." Tangu hapo tunaonana langoni, dakika chache, mzigo ukiwa kichwani mwake. Nikimwuliza kama analala, anatazama barabara, anasema ana haraka. Macho yake ni mekundu. Juzi aliniuliza habari za shule, nikamjibu, akaniuliza tena.