Nilimwita Mwizi wa Kitabu cha Baba Mbele ya Kanisa Zima

Mhariri wa ukurasa huu, nakuomba ulifiche jina langu, maana hapa Buruburu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nimeolewa, na nina aibu ambayo hata mume wangu sijamwambia.

Baba yangu ana kijitabu cha mawaidha ya ndoa alichokichapisha mwenyewe. Kanisani kwetu hakuna bibi harusi anayetoka bila nakala. Hata mimi siku yangu alinisomea ukurasa wa kwanza mbele ya watu, nikalia mpaka poda ikaisha. Wanamwita Mwalimu kwa sababu ya kijitabu hicho, nami nimetembea kifua mbele miaka yote.

Mwaka huu wa tisini na tisa, kijana mmoja wa kwaya, tumwite Kyalo, amefungua saiba, duka la kompyuta zenye mtandao. Alichukua vitabu vya zamani kwenye kabati la kanisa, kijitabu cha Baba kikiwemo, akavipiga taipu vyote, akaviweka mtandaoni. Ukiandika maneno, kompyuta inakuonyesha vitabu yalimo. Hakuomba ruhusa kwa yeyote. Baba aliposikia hakula chakula cha jioni. Mimi ndiye niliyepandwa na mori. Baada ya ibada nilimkabili Kyalo mlangoni.

"Mwizi wewe! Unakula jasho la mzee ukijificha nyuma ya kompyuta!"

Watu wakajaa. Akainamisha kichwa tu. "Sista, kuja saiba kesho tuongee."

Nilikwenda kummaliza. Akanipa kiti, akaniambia niandike maneno yoyote ya Mzee ninayoyakumbuka. Nikaandika yale ya harusi yangu. Vikatokea vitabu viwili: cha Baba, na kingine cha mwanamke nisiyemjua, kilichochapishwa Baba akiwa bado mwanafunzi. Nikajaribu sentensi nyingine, na nyingine. Neno kwa neno! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Kyalo, ulijua?"

"Nilijua. Ruhusa sikuomba, hapo nilikosa. Lakini singemwaibisha Mzee mbele ya watu."

Mimi nilimwaibisha yeye mbele ya watu hao hao.

Sasa wazee wa kanisa wameamua avifute vitabu vyote, na Jumapili ya mwisho wa mwezi asimame amwombe Baba msamaha kwa wizi, la sivyo atoke kwaya. Amekubali. Nilipomdokezea Baba kwamba nimekiona kile kitabu kingine, hakuniangalia usoni. "Siku hizo kila mtu alinakili," alisema. "Na huyo mama ameshakufa." Kisha akaniagiza nikae naye mstari wa mbele siku hiyo.

Nikisema, namvua nguo mzee aliyenilea. Nikinyamaza, Kyalo atabeba jina la mwizi maisha yake yote, nami ndiye niliyempa jina hilo. Nishaurini jamani, hata mkinitukana nitapokea: kijana huyo akisimama kumwomba Baba msamaha, mimi nikae tu nikitazama?