Ushirika Ulivyoiombea Tumbaku

Nimewahi kuwa mtu hatari. Sijisifu, barua ninayo. Ilitoka kwa kampuni moja ya ng'ambo inayopokea malipo ya kadi kwa niaba ya maduka ya mtandaoni, nayo ilinieleza kwa adabu nyingi kwamba biashara yangu imo katika kundi la hatari kubwa, pamoja na wauza silaha, wachezesha kamari na wapiga ramli. Wakati huo nilikuwa nimepanga nyumba ya vyumba viwili Kyebando, jijini Kampala, na silaha kali kuliko zote nilizokuwa nazo ilikuwa kisu cha kukatia sukuma wiki.

Nilikuwa nauza tumbaku. Siku hizo sheria ya Uganda ilikuwa haijasema lolote kuhusu kuiuza mtandaoni. Baadaye ilisema, tena kwa ukali, ila mimi nilikuwa nimeshatiwa adabu kwa njia nyingine. Na tumbaku yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mmoja Mkongo, mjane, aliyeuza vitenge hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Shemeji yake alikuwa amemvushia mpakani magunia manne ya majani yaliyokaushwa vizuri, mavuno ya mwisho ya shamba la marehemu mumewe. Shamba lenyewe lilikuwa limeshachukuliwa na wenye bunduki, kwa hiyo hayo magunia manne ndiyo yaliyokuwa yamebaki ya ndoa yake na ya nchi yake.

Yeye alitaka kuyauza sokoni, kwa kiganja, kama watu wenye akili. Mimi, Mkenya mwenye cheti cha kompyuta cha miezi mitatu, nikamwambia asithubutu. Nilimweleza kuna wazungu wanaokaa vilimani na viko vyao, wanaotafuta tumbaku safi wasiipate, na kwamba hao watu hununua kila kitu kwenye intaneti. Alinisikiliza kwa heshima wanayopewa wasomi.

"Ndugu, mimi sijue ile mashini," alisema. "Lakini nakuamini wewe. Mvua isiikute tu. Ikiingia maji, inaota ukungu, njo mwisho yake."

Magunia yakahamia chumba changu cha pili. Fundi mmoja wa tovuti, kijana wa Kasubi, akanitengenezea duka zuri lenye picha za majani yaliyopangwa juu ya kitenge cha mama. Wazungu wakaja kweli, kila mmoja na swali lile lile: kadi naweka wapi? Kutuma pesa kwa simu kwa mtu wasiyemjua hawakutaka hata kusikia. Ndipo nikaiandikia ile kampuni, nayo ikanipanga pamoja na wapiga ramli.

Nilikata rufaa. Nikajibiwa kwamba ombi langu litaangaliwa upya, tovuti yangu itakaguliwa, na isitoshe ni lazima iwe na alama ya kufuli kwenye anwani yake, ili wateja wajue hawaibiwi. Nikamuuliza fundi kufuli hilo linapatikana wapi.

"Ssebo, hiyo iko ya kununua," akasema. "Halafu kila mwaka unaripa tena."

Mama alipoelezwa alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Kadenasi ya kulipa kila mwaka, na haifunge mlango?" Kesho yake alirudi na kufuli la chuma, kubwa kama ngumi, akalitia kwenye mlango wa chumba cha tumbaku na kunikabidhi ufunguo mmoja. Hilo halijawahi kudai malipo ya mwaka wa pili.

Fundi akaniambia pia nichague neno la siri ambalo siwezi kulisahau. Nilifikiri sana, nikachagua "Bwana asifiwe". Mashine ikakataa, ikitaka na tarakimu, nikaongeza moja. Nilijiona mjanja wa wajanja. Kila Jumapili, katika ushirika wetu wa Wakenya pale Kyebando, hakuna aliyeweza kufungua mdomo kabla ya kusema maneno hayo. Maana yake ni kwamba nilikuwa nimefunga duka kwa ufunguo ambao watu sitini walikuwa nao, na wengine walikuwa wakiutumia mara tatu katika ibada moja.

Huo ushirika lazima niueleze. Tulikuwa walimu, wauza vifaa vya ujenzi, makarani, na ukiugua mbali na kwenu, wao ndio waliokuletea uji. Ukifa, wao ndio waliokukodia gari la kukurudisha kwenu. Walisamehe mengi, hata kutoroka ibada kwa ajili ya mpira. Tumbaku hawakusamehe. Mtu wa tumbaku alitengwa, na aliyetengwa Kampala alijiuguza mwenyewe. Kwa hiyo niliposimama kuomba maombi, nilisema tu kwamba nauza mazao ya shamba mtandaoni na kuna kampuni inayozuia malipo yangu. Walifunga siku tatu. Watu wazima, wenye vidonda vya tumbo, walikaa na njaa wakimsihi Mungu afungue njia kwa ajili ya tumbaku ya kiko. Mimi pia nilifunga, isipokuwa siku ya pili, maana nilialikwa mahali kwenye matoke.

Jumamosi moja, mawingu yakiwa yameshaanza kukusanyika, nilipita kwenye kafe ya intaneti nikakuta barua. Kampuni ilikuwa imekagua tovuti yangu na kuridhika nayo kabisa. Akaunti imefunguliwa, hongera. Sikuingia hata kuitazama hiyo tovuti. Nilimpigia mama simu papo hapo, akapiga kigelegele sikioni mwangu, akasema kesho atakuja kanisani kwetu kushukuru pamoja nami.

Alikuja, amevaa kitenge kipya, akakaa benchi la nyuma. Nilikuwa nimeuandaa ushuhuda wangu vizuri, na machozi nimeyapangia mahali pake. Kabla sijaitwa, alisimama mwenyekiti wetu, dada mmoja mhasibu mwenye kompyuta ofisini.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina."

"Ndugu yetu alituomba tumuombee duka lake. Juzi nikalitafuta mtandaoni, nikasema niingie nimuunge mkono, ninunue hata maharagwe. Sikuona maharagwe. Nikaona tumbaku. Nikajaribu kuingia ndani, nikaandika lile neno la kwanza mtu aliyeokoka anaweza kuandika. Ikakataa. Nikaweka moja, ikafunguka. Nimefuta kila kitu. Sasa ndugu, simama utuambie. Ile tumbaku ni ya nani?"

Kwa hiyo kampuni ilikuwa imekagua duka tupu. Duka lisilo na tumbaku, lenye kufuli lililolipiwa mwaka mzima, halina hatari yoyote kwa mtu. Ningecheka, lakini watu sitini walikuwa wamenigeukia, na mimi niliwaza uji, niliwaza lile gari la kunirudisha kwetu, nikaogopa. Nawaambieni kweli, niliogopa kama mtoto.

"Si yangu," nilisema. "Ni ya mama mmoja Mkongo. Aliniomba nimwekee tu. Simfahamu vizuri."

Kanisa zima likashusha pumzi. Wakaniwekea mikono, wakamwombea yule Mkongo asiyefahamika vizuri aachane na giza. Nilipofumbua macho, benchi la nyuma lilikuwa tupu.

Jumatatu asubuhi alikuja na boda boda mbili. Alifungua mlango kwa ufunguo wake, akatoa magunia yote, akafagia chumba hata pembeni.

"Naenda na zambi yangu," aliniambia, bila hasira yoyote, na afadhali angenitukana. "Mu nyumba yako isibakie hata jani moja. Wewe uko mutu wa kanisa."

Mvua ilinyesha wiki hiyo hiyo. Akaunti yangu ikabaki wazi, salama kabisa, haina cha kuuza. Ushirika ukatoa shukrani.

Miezi ikapita. Siku moja nilikwenda Ggaba kutafuta samaki, nikamkuta ameketi karibu na mitumbwi, mbele yake mkeka na viganja vya mwisho vya tumbaku. Wavuvi walikuwa wamemzunguka, wakilipa kwa noti zenye magamba, na hakuna aliyemuuliza kundi lake la hatari. Nilitaka kupita kama sijamwona. Mvuvi mmoja akaona tunavyotazamana, akamuuliza kama ananifahamu.

"Namujua sana," alisema kwa sauti, ili wote wasikie. "Huyu njo alinichungia tumbaku yangu isipatwe na mvua. Ni ndugu yangu."

Wavuvi wakanipa mkono mmoja mmoja. Niliona haya. Nilinunua sato wawili nisiowahitaji, nikaondoka bila kuchukua chenji.