Nélida Hatoi Tena Siku Zake

Saa kumi na mbili asubuhi, Nélida Farías anavaa kofia ya plastiki na kuanza kuchambua na kupakia machungwa kiwandani hapa mjini Salto. Kesho msimu unaisha, na wapakiaji wote wanaingia kwenye mafao ya kukosa kazi.

Mirta, shoga yake wa miaka tisa, anamsogezea kadi yake ya kazi. Kesho wanaitwa nusu tu ya wapakiaji. Mirta yumo kwenye orodha, Nélida hayumo, na Mirta ana arusi ya mpwa wake.

"Ingia na kadi yangu, hela nakupa mkononi. Au siku hizi umekuwa bosi?"

"Nimejifunza kugawanya," Nélida anajibu, mikono haisimami. "Mwambie msimamizi aandike jina langu."

Mwaka jana hakukataa. Ndivyo tunavyosaidiana hapa. Aliingia siku thelathini kwa kadi ya Mirta, akala hela za siku hizo, akaona mambo sawa. Angekatwa kidole siku hizo, kwenye karatasi angeumia nani? Hakujiuliza.

Alipofika dirishani kudai mafao, karani alimwonyesha hesabu. Wanajumlisha mishahara ya miezi sita ya mwisho, wanagawanya kwa siku mia na hamsini, hata kama umefanya chache. Unalipwa siku kumi na mbili kwa mwezi, miezi minne, na mwenye mtoto anaongezewa moja ya tano.

Nélida alikuwa na siku mia na ishirini kwa jina lake, kila moja peso 1,600. Akapata peso 18,432 kwa mwezi. Kwa siku zake zote angepata 23,040.

"Yanina aliacha kozi ya uuguzi miezi ile," anamwambia Mirta. Yanina ni bintiye, ana miaka kumi na saba. "Nauli ilikuwa kwenye zile siku nilizogawa. Kabla ya kuacha, nilimwona akienda kwa miguu, vitabu kwapani."

Wenye watoto, tuangalie jina lililo kwenye kadi.

Mwaka huu ameandika kila siku kwenye kalenda ya jikoni. Pamoja na leo ziko mia moja arobaini na tisa; ya kesho itatimiza mia na hamsini.

Mirta ananuna, kisha anamwendea msimamizi. Anarudi akicheka.

"Umeandikwa badala yangu, mama hesabu. Keki ya arusi utaisikia harufu tu."

"Niletee kipande cha Yanina," Nélida anasema. "Jumatatu anarudi chuoni."